Aliyekubali Kuwa Msaliti

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa chaki wala kitabu. Katekista Mkuu wa parokia alinipa chupa ya soda iliyojazwa maji, akaniambia niishike vizuri, tukapanda kilima kwa miguu nyuma ya mji wa Homa Bay kwenda kumwona mama mmoja aliyekuwa akifa. Ilikuwa mapema miaka ya tisini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, wadogo zangu wanne walikuwa nyumbani wakinisubiri, na suruali niliyovaa ilikuwa ya marehemu baba.

Niwaeleze kwanza ninyi vijana katekista alikuwa nani, kwa sababu siku hizi wengi mnamwona kama msomaji wa matangazo tu. Parokia ilikuwa na padri mmoja na vigango vingi. Kigango ni kanisa dogo ambalo padri hakai hapo. Hufika mara moja kwa mwezi, barabara ikipitika. Jumapili nyingine zote katekista ndiye aliyeongoza ibada. Alifundisha wakatekumeni, yaani watu wazima wanaojiandaa kubatizwa. Alizika. Alipatanisha mume na mke. Na mtu akikaribia kufa kabla ya kubatizwa, katekista alimbatiza mwenyewe. Huo tuliuita ubatizo wa dharura.

Mimi niliishia darasa la saba. Mama alitangulia, baba akamfuata kabla mwaka haujaisha, na kwa kuwa ndimi kifungua mimba, nikaacha vitabu nikashika jembe. Katekista Mkuu aliponichukua aliniuliza swali moja tu: kama naweza kukaa na mgonjwa nisikimbie. Nilimwambia nimeshakaa na wawili.

Yule mama wa kilimani alikuwa amelala kwenye mkeka. Saa nne asubuhi, jua kali nje. Tulipoingia alinitazama, kisha akatazama juu ya bega langu.

"Huyo uliyekuja naye ni nani?" akauliza.

Katekista Mkuu alikuwa mbele yangu. Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

"Usigeuke," Katekista Mkuu akaniambia taratibu, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. "Fungua chupa."

Sikugeuka. Katekista Mkuu alimbatiza yule mama, tukaimba wimbo mmoja, tukatoka. Tulipofika chini ya kilima ndipo aliponiuliza, "Uliona nini?"

"Sikuona kitu, Mwalimu. Ulinikataza."

"Vizuri. Ukigeuka, mgonjwa anajua hata wewe unaogopa. Sasa sikiliza. Maji ni ya kawaida tu, hata ya kisima. Maneno unayasema yote, hupunguzi. Na usiulize kama anastahili."

"Na yule aliyekuwa nyuma yangu?"

"Hiyo," akasema, "si kazi yetu."

Baada ya mwaka nilipelekwa kigango cha upande wa Karungu, kando ya ziwa. Huko nilijifunza kufundisha. Somo gumu kuliko yote lilikuwa lile la uovu: unatoka wapi, na unakaa wapi. Wakatekumeni wangu hawakuwa na shida nalo. Kwao kulikuwa na watu, na kulikuwa na jajuok. Jajuok, kwa wasiojua Kidholuo, ni mtu ambaye mchana ni jirani yako na usiku anakimbia uchi, anatupa mchanga kwenye mlango wako, na akikuchukia anaweza kukufunga hata usipate mtoto. Niliona ni rahisi kuwafundisha kwa njia hiyo. Nikachora ubaoni upande wa mwanga na upande wa giza, nikawaacha wapange majina ya kazi za kila upande.

Padri Paroko alifika siku hiyo bila taarifa. Alikuwa mtu mrefu wa kutoka mbali, Kiswahili chake alijifunza ukubwani na alikitumia kwa uangalifu. Alisimama mlangoni mpaka somo likaisha, kisha akachukua kitambaa, akafuta ubao wote mwenyewe.

"Katekista, usiwafundishe kwamba uovu una watu wake."

"Niwafundisheje, Padri?"

"Sijui. Lakini ukiwaambia una watu wake, watatoka hapa kwenda kuwatafuta."

Nililiandika neno lake kwenye daftari. Kuandika ni rahisi.

Kituo changu cha tatu, ambacho ndicho kimenifanya niandike haya, kilikuwa upande wa Macalder, kwenye machimbo ya dhahabu. Nilihamia na wadogo zangu. Mdogo wa mwisho, Adhiambo, alikuwa na miaka tisa. Nchi ile ilikuwa imejaa mashimo. Wanaume walishuka kwa kamba, wakapandisha mawe meupe. Wanawake waliyaponda kwa nyundo, wakayasaga na kuosha unga wake ndani ya karai mpaka punje za dhahabu zibaki chini. Kutwa nzima ulisikia mawe yakipondwa. Na mara nyingine, bila mtu kutoa amri, milio yote ilikoma kwa pamoja kama dakika moja, halafu ikaendelea. Niliwauliza kwa nini. Walisema hawajawahi kuona ikikoma.

Kamba za kushukia mashimoni zilisokotwa na mtu mmoja, Mzee Ogola. Alikaa peke yake ng'ambo ya marundo ya mchanga uliokwisha kuoshwa. Hakuwa na mke wala mtoto aliye hai. Kamba zake za katani zilikuwa imara kuliko za dukani, na kila mchimbaji alizitumia, lakini hakuna aliyempa mkono. Walisema ni jajuok. Walisema anajua shimo lipi litaporomoka kwa sababu ndiye anayelifunga, akiweka neno ndani ya kamba anapoisokota.

Mzee huyo alikuwa katekumeni wangu. Nilimrithi kwa mtangulizi wangu. Alikuwa amesoma mafundisho yote mara mbili, sala alizijua kuliko mimi, ila kila Pasaka wenzake walibatizwa yeye akabaki, kwa kuwa hakuwa na msimamizi. Msimamizi ni mtu aliyebatizwa anayesimama nyuma yako siku hiyo, akakuwekea mkono begani na kukubali kukujua maisha yako yote. Hakuna aliyetaka kumwekea Ogola mkono. Akikaa kwenye benchi la nyuma, benchi lilibaki lake.

"Japuonj," aliniambia kila Kwaresima, maana yake mwalimu, "mwaka huu vipi?"

"Bado, Mzee."

"Mungu wako ana foleni ndefu kuliko ya kisiagi cha mahindi." Kisha anacheka, anarudi kwenye kamba zake.

Mtaniuliza kwa nini sikuwa msimamizi wake mimi. Sheria haikunikataza. Ukweli ni huu. Mwezi wetu wa kwanza pale nilimtuma Adhiambo kwa Mzee Ogola achukue kamba ya ndoo. Mzee alimsifu, akamshika kichwani. Wiki iliyofuata Adhiambo alianguka jikoni, macho yamegeuka, mikono ikirukaruka. Hospitali waliniambia ni kifafa, wakampa vidonge, na nikawaamini. Lakini ile kamba niliitoa ndani nikaining'iniza nje, na sikumtuma mtoto kwake tena. Nilifundisha Jumapili kwamba hakuna nguvu hiyo, na Jumatatu nikazunguka njia ndefu nisipite mlangoni kwake.

Mwaka wangu wa tatu pale Padri Paroko alivitaka vigango viandae igizo la Mateso siku ya Ijumaa Kuu. Watu hutembea Njia ya Msalaba, vituo kumi na vinne, na mahali pengine waigizaji huonyesha jambo lenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuwaongoza wote, pamoja na umati. Umati niliuongoza kwa firimbi. Nikipuliza mara moja, wote wanapiga kelele, "Auawe." Nikipuliza mara mbili, wananyamaza. Tulifanya mazoezi wiki tatu, na walikuwa hodari mno.

Mwalimu wa shule ya msingi alikubali kuwa Bwana. Askari walipatikana, wanawake wa kulia walipatikana wengi kupita nafasi. Aliyekosekana ni Msaliti, yule mfuasi aliyemuuza Bwana kisha akajinyonga. Kitabu cha igizo kilisema aondoke tu na watu wasimwone tena. Mimi nilitaka aonekane. Nilitaka kamba, nilitaka mti, nilitaka watu walie. Nikachagua mgunga mkubwa ulio kando ya machimbo, kati ya kituo cha tisa na cha kumi.

Mwenyekiti wa Kigango, mtu mpole, fundi wa nyundo za wachimbaji, alinifuata nyumbani.

"Katekista, wewe ni mtu wa kitabu. Lakini hiyo kamba usiifunge kwa mti."

"Ni igizo, Mwenyekiti."

"Mti haujui igizo. Kwetu mtu akijinyonga tunaukata huo mti, tunang'oa mizizi, tunachoma, usiite mtu mwingine. Unajua wewe. Ni kwenu pia."

"Ninajua. Lakini hakuna atakayekufa."

"Basi niambie nani ataweka shingo yake hapo halafu arudi kwa watoto wake kula."

Hapo ndipo nilipomfikiria mtu asiye na watoto.

Nilikwenda kwa Mzee Ogola siku hiyohiyo. Aliacha kusokota, akanisikiliza.

"Nikifanya, nitapata msimamizi?"

"Watu wakikuona unashiriki nao watakuzoea. Mmoja atajitokeza."

"Basi nitakuwa msaliti mzuri kabisa," akasema, na meno yake machache yakaonekana. "Kamba usinunue. Niko nayo."

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilimpa nafasi hiyo kwa huruma. Huruma ilikuwepo. Lakini chini yake palikuwa na kitu kingine. Nilijua kamba ile ni mbaya, nilijua inabaki na mtu, na nikaona ni afadhali ibaki na yeye.

Ijumaa Kuu jua lilikuwa limejificha nyuma ya wingu jeupe, hakuna kivuli cha mtu wala cha mti. Machimbo yalikuwa yamefungwa, nyundo kimya. Tulianza saa saba, watu wengi kuliko nilivyotarajia, hata wasiokuwa wa kanisa letu. Kufika kituo cha tisa ilikuwa karibu saa tisa. Mzee Ogola alitoka upande wa marundo ya mchanga, amevaa shuka la kijivu, kamba mpya ya katani mkononi. Alipanda juu ya pipa chini ya mgunga. Mwisho mmoja wa kamba aliurusha juu ya tawi bila kuufunga, kama nilivyomwelekeza. Mwisho wenye kitanzi aliuvaa. Kisha akasema maneno yake, kwamba ametenda kosa na hana pa kulipeleka. Aliyasema vizuri sana. Nadhani aliyasema vizuri kupita kiasi.

Nikapuliza mara moja.

"Auawe."

Nikapuliza mara mbili. Hawakunyamaza. Nikapuliza tena mara mbili, kwa nguvu, na mlio wa firimbi ukapotea ndani ya sauti zao. Halafu wakanyamaza wenyewe, wote kwa pamoja, kama zile nyundo.

Wakaanza kuinama.

Nataka mnielewe vizuri hapa. Hapakuwa na hasira. Nimeona watu wenye hasira sokoni wakimfukuza mwizi, ninajua nyuso zao. Hizi hazikuwa hivyo. Mama Apiyo, mwimbishaji wa kwaya, aliinama akachagua jiwe na uso uleule anaotumia kuchagua mchele. Aliona moja, akaliacha, akachukua lingine. Mwenyekiti alikuwa na mawili. Ardhi yote pale ni mawe yaliyopondwa, makali, meupe, hakuna aliyehitaji kwenda mbali.

La kwanza lilitoka upande wa kushoto, likagonga pipa. Lilitoa mlio kama wa kengele ndogo. Mzee Ogola alitazama lilikotua, kisha akanitafuta kwa macho. Alikuwa bado anatabasamu kidogo.

"Japuonj," akauliza, "hii nayo iko kwenye kitabu?"

Nilitaka kumwonyesha kwa mkono ateremke. Mkono wa kulia ulishika kitabu cha sala. Nikainua wa kushoto, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa na jiwe.

Lilikuwa na ukubwa wa parachichi. Chini yake udongo ulikuwa bado mbichi. Sikukumbuka kuinama. Mpaka leo sikumbuki.

Nikatema firimbi. "Haiko, Mzee," nikamwambia. "Hii haiko."

Hapo tabasamu lake likatoweka.

Nikaliachia jiwe, nikaanza kutembea kwenda kwenye pipa. Ni hatua kama kumi na tano. Jiwe la pili lilimpata begani, la tatu likapita sikioni mwangu. Sikuwa na maneno ya kuwaambia. Nilichokuwa nacho ni kazi yangu tu. Mama Apiyo alikuwa amesimama karibu na sehemu yake ya kuoshea, karai lake limebaki na maji ya jana.

"Mama Apiyo, nisaidie karai."

Alilitazama karai. Alilitazama jiwe lake. Kisha akaliinua karai kwa mkono mmoja, kwa shida, maji yakimwagika, akanipa. Jiwe hakuliweka chini.

Nilimvua Mzee kamba, nikamteremsha, nikampigisha magoti mbele ya pipa. Nikaweka mkono wangu begani mwake, lile bega lililopigwa, nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mimi ndiye msimamizi wake." Ilinibidi nimpe jina, na lililonijia ni la baba yangu, Yohana. Nikamimina yale maji ya matope mara tatu juu ya kichwa chake, nikasema maneno yote bila kupunguza.

"Amina," umati ukajibu.

Walijibu wote kwa sauti moja, kama kila Jumapili, kama nilivyowafundisha. Walikuwa bado wameshika mawe. Nimezika watu wengi na nimekaa na wengi wakikata roho, lakini sijawahi kusikia kitu kilichonitia baridi kama Amina ile.

Kisha wakaanza kuyaweka chini. Hawakuyatupa. Waliyaweka taratibu, mmoja baada ya mwingine, wakafuta mikono kwenye nguo. Mtu mmoja akaanzisha wimbo wa kituo cha kumi. Tukaendelea na Njia ya Msalaba mpaka mwisho. Mzee Ogola alitembea kando yangu, matope yakikauka usoni.

Jumamosi Mwenyekiti alikuja na vijana, wakaukata mgunga, wakang'oa mizizi na kuchoma. Alinisalimu vizuri. Hakuna aliyetaja jambo lingine.

Wiki iliyofuata nilipeleka taarifa kwa Padri Paroko. Kila ubatizo lazima uandikwe kwenye rejista, na ule wa dharura una safu yake ya kueleza sababu.

"Ubatizo wa dharura ni wa mtu anayekufa," Padri akasema. "Huyu alikuwa anakufa kwa nini?"

"Kwa mikono yetu, Padri."

Aliweka kalamu chini. Nikamweleza kila kitu isipokuwa jiwe langu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua kalamu, akaandika kwenye safu ile maneno matatu: hatari ya kifo. Hakuniuliza zaidi, na mimi sikuongeza.

Mwenye kuniuliza alikuwa Mzee Ogola. Tangu siku ile nilikaa naye benchi moja wakati padri akiongoza misa. Nilianza pia kumtuma Adhiambo kwake, na bado alianguka mara mbili mwaka huo, kama alivyoanguka kabla, mpaka daktari wa Homa Bay alipobadilisha vidonge na kuanguka kukapungua. Siku moja Mzee alikuwa anasokota kamba, mimi nimemshikia mwisho wake.

"Japuonj, lile jiwe ulilichukua lini?"

"Sijui, Mzee."

"Mimi nilikuona. Nilikuwa juu ya pipa, naona wote. Ulikuwa wa kwanza."

Kamba ilinitoka mkononi. Aliisubiri mpaka nikaiokota.

"Uliinama kama mtu anafunga viatu," akasema. "Halafu ukasimama, na wao wakaona umesimama nalo, wakainama. Vuta, imelegea."

Nikavuta. Hatukulizungumza tena.

Miaka mitatu baadaye nilihamishiwa Migori mjini, na huko ndiko nilikomaliza kazi. Kabla sijaondoka Macalder, Mzee Ogola aliugua kifua. Katika majuma yake ya mwisho aliyempelekea uji kila asubuhi ni Mama Apiyo. Mwenyekiti alimtengenezea kitanda kwa mikono yake, akakataa shukrani. Alipokufa, walichimba kaburi bila kuitwa. Waliimba vizuri, na Mama Apiyo alilia machozi ya kweli, mpaka ikabidi ashikwe.

Nimestaafu sasa. Makatekista wapya huja kuniuliza mambo ya kazi, na wengine wamesikia habari za Ijumaa ile, wanataka kujua wale watu walikuwa wabaya kiasi gani. Nawaambia nilikula kwao, walinisaidia kulea wadogo zangu, na hakuna kigango nilichopenda kama kile. Hawaridhiki. Wanataka niwaonyeshe aliyeanzisha. Kwa muda mrefu nilijibu kwamba sikumwona, na hilo halikuwa uongo, kwa sababu sikumwona. Aliyemwona alikuwa juu ya pipa.

Leo nimeliandika. Ninyi mnaoshika kazi hii baada yangu, umati ukisimama mbele yenu na kungoja, tazameni kwanza mikono yenu wenyewe, kwa kuwa wao wanaitazama.